Digrii Yenye Doa la Bibo

Tulipomaliza arobaini ya shangazi Somoe nilipewa kazi ya kusafisha banda lake la ufundi pale Tingi, kwa sababu, walisema, katika ukoo mzima ni mimi tu ninayeweza kujua kipi takataka na kipi spea. Walinionea. Kwa shangazi hakukuwa na takataka, kila skrubu ilikuwa ikisubiri redio yake. Nilishinda nikifungua makopo ya maziwa ya unga na mikebe ya biskuti, nikipiga chafya, mpaka nikafika kwenye mkebe mmoja mdogo, na ndani yake, chini ya vipande vya waya, nikakuta nusu ya kifutio cha penseli. Kilikuwa cheusi tii na kigumu. Nikakinusa. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nimechuchumaa katikati ya spika mbovu natafuta harufu ya chungwa. Haikuwepo. Kilinuka vumbi na risasi ya kuchomelea. Basi nikakaa chini nikalia vizuri, maana msibani nilishughulika sana na wageni, kulia sikupata nafasi.

Kifutio kile kilikuwa changu. Wa rika langu mtavikumbuka vifutio vile vya rangi ya chungwa, vinavyonukia mpaka unatamani kuving'ata. Sisi tuliving'ata. Changu aliniletea Ba'mdogo Shaweji kutoka Dar es Salaam, siku aliyorudi nyumbani na digrii yake ya kompyuta, na nilikipenda kiasi kwamba sikukitumia. Nililala nacho chini ya mto. Mchana nilikiweka mfukoni nikikishika kila mara kuhakikisha bado kipo.

Ba'mdogo alikuwa kitinda mimba wa bibi, na alikuwa wa kwanza kwetu kwenda chuo kikuu. Sisi tulitamba kwamba ni wa kwanza Tingi nzima, na hakuna aliyejisumbua kutubishia. Siku aliyorudi kulichinjwa mbuzi, ikasomwa dua, na bibi akaipokea digrii kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Akaifukiza ubani. Akaizungushia kitambaa cheupe, akaiweka sandukuni, juu ya sanda yake mwenyewe aliyojinunulia kabisa akiwa hai. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nakodoa macho. Nilijua kwamba ndani ya sanduku lile hakuingii kitu cha mchezo.

Sasa nieleze nilivyoielewa ile karatasi, maana mambo yote yaliyofuata yalitokana na hapo. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikwisha kuziona kazi za karatasi. Nilipougua homa, mwalimu wa madrasa aliniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, nikayanywa, nikapona. Mtoto wa jirani alivaa hirizi shingoni, na ndani yake tuliambiwa kuna karatasi iliyoandikwa. Hata zahanati mambo yalikuwa hayohayo, maana usipokuja na kadi yako nesi hakutazami. Kwa hesabu yangu, karatasi iliyoandikwa na wakubwa ilikuwa na nguvu zake, na sharti lake lilikuwa moja tu, lazima mwenyewe awe nayo. Digrii ya Ba'mdogo ilikuwa ya kompyuta. Basi kompyuta ikiiona, itatii.

Wala sikuona ajabu kwamba Ba'mdogo hakufanya kazi yoyote tangu arudi. Alikuwa akikaa barazani, shati limepigwa pasi, akiandika barua za maombi ya kazi. Mara moja kwa wiki alikwenda mjini Masoko kuulizia majibu, akarudi na mkate. Watu walipita wakimwamkia kwa heshima: "Habari za kazi, msomi?" Naye alijibu, "Nzuri," akiinamia karatasi zake. Leo nikimfikiria kijana yule nasikia huruma. Wakati ule nilidhani anapumzika tu, kwa vile ameshamaliza.

Shangazi Somoe alikuwa dada yake, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Yeye aliishia darasa la saba. Ufundi aliupata kwa kuuza vitumbua mbele ya mlango wa fundi redio mmoja pale sokoni, mzee aliyekuwa akipenda kuzungumza peke yake wakati anafanya kazi. Shangazi alikaanga na kusikiliza, akakaanga na kutazama, na siku mzee alipoumwa macho akamwomba amshikie pasi ya kuchomelea mara moja, hakuirudisha tena. Alianza na redio, akaja deki, akaja simu. Kompyuta zilipoanza kuonekana Nangurukuru na Masoko akaletewa na hizo, na alisema wazi kwamba aliziua mbili kabla ya kuiponya ya tatu. Lakini jina likabaki lilelile, fundi redio.

Digrii ilipofika, wanawake wa sokoni walimtania. "Haya Somoe, msomi kaja, banda si ulifunge?"

"Nitalifunga," akajibu bila kuinua kichwa, "siku redio zikianza kudai vyeti."

Walicheka. Ba'mdogo naye alikuwepo, alicheka pia, ila kwa kuchelewa kidogo.

Mwezi wa kwanza ulipoingia, msimu wa korosho ulikuwa unaishia. Mikorosho iliyochelewa tu ndiyo ilikuwa bado na mabibo. Sisi wa shule ya msingi tulikuwa likizo, lakini kidato cha nne wa shule ya sekondari ya jirani waliitwa mapema, na dada yangu Mwanahawa alikuwa mmoja wao. Mwaka uliotangulia aliugua akakosa kusajiliwa kwenye mtihani. Baba alimkubalia arudie, ila alitamka mbele ya watu wazima kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Kulikuwa na posa imekuja kutoka Sudi, watu wema wenye chombo chao baharini, na baba aliwajibu wangoje waone. Mwanahawa alikuwa akisoma mpaka wakati wa kupepeta mchele, kitabu kimeegeshwa kwenye kinu. Hakuwa na neno baya na yule kijana wa Sudi. Alichotaka ni kuwa nesi.

Basi mchana mmoja akaja mwanafunzi anakimbia. Mkuu wa shule anamwomba Bwana Shaweji, mwenye digrii ya kompyuta, afike upesi. Ba'mdogo alisimama barazani kama mtu aliyeitwa mbinguni. Akabadilisha shati lililokwisha kupigwa pasi akavaa jingine lililopigwa pasi. Nikamfuata nyuma, na hakunifukuza.

Ofisini kwa mkuu wa shule tulikuta watu wamejaa. Ile ilikuwa siku ya mwisho ya usajili. Majina ya watahiniwa wote, pamoja na picha zao, yalikuwa ndani ya kompyuta ya shule, yalitakiwa yatiwe kwenye flashi na kufikishwa Masoko kabla ofisi hazijafungwa. Gari lilikuwa liondoke saa tisa. Na kompyuta ilikuwa imegoma. Picha alizipiga mpigapicha kutoka Lindi, akazimimina humo ndani, akafuta kamera yake, akaenda zake. Kuanza upya kungechukua siku tatu, na siku tatu hazikuwepo. Mwanahawa na wenzake walikuwa nje, nyuso zimebanana dirishani. Nilimwona anatafuna ncha ya ushungi wake.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imependeza kuliko bibi harusi. Mke wa mkuu wa shule aliifumia vitambaa: kimoja cha kioo, kimoja cha baobonye, lile bao la herufi, na kikubwa chenye maua mekundu kilichoivika sipiyu, lile sanduku la chini, mpaka mgongoni. Nyumba zetu zote zilikuwa hivyo. Kitu cha thamani kilifunikwa kitambaa, redio kitambaa, televisheni kitambaa, jagi la maji kitambaa, na asiyefunika alionekana hana malezi. Hakuna mtu pale, hata mwenye digrii, aliyeona kosa.

Ba'mdogo aliketi. Jenereta likawashwa. Akabonyeza, na mashine ikalia mara tatu, milio mirefu, kisha kimya. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Mara tatu.

"Ni memori," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye uhakika. "Milio mitatu mirefu maana yake memori haisomeki."

Ofisi nzima ikashusha pumzi. Msomi kaijua.

"Alhamdulillahi," akasema mkuu wa shule. "Sasa itengeneze, bwana."

Ba'mdogo aliitazama sipiyu. Akaizunguka. Akagusa skrubu moja kwa kidole, akarudisha mkono. Niliona shati likianza kulowa mgongoni. "Hii," akasema, "itabidi iagizwe nyingine. Dar es Salaam."

"Dar ni leo?" akauliza mkuu wa shule.

Dirishani kuna msichana alianza kulia, hakuwa Mwanahawa. Mwanahawa alikuwa amesimama tu, ushungi mdomoni, anamwangalia Ba'mdogo. Na mimi nikamwangalia Ba'mdogo, nikaona mikono yake mitupu, na papo hapo nikaelewa tatizo liko wapi. Mtu mzima mzima amekuja kwenye kompyuta na digrii ameiacha sandukuni!

Nilitoka mbio. Bibi alikuwa shamba, na ufunguo wa sanduku nilijua unakaa wapi, sote tulijua. Nikaufungua ule mfuniko mzito, nikasema bismillahi kwa sababu ya sanda, nikatoa digrii na kitambaa chake, nikaikumbatia kifuani. Njia fupi ya kurudi ilipita kwenye mikorosho. Nilikuwa nimekimbia, koo limekauka, na pale pembeni, usawa wa uso wangu, lilining'inia bibo jekundu limeiva mpaka linang'aa. Mtu wa kwetu akiona bibo vile mkono unakwenda wenyewe. Nikalichuma, nikalitafuna huku natembea upesi, na maji yake yakanitiririka kidevuni, yakapita kiganjani, yakafuata mkono mpaka kwenye kiwiko, na kiwiko ndicho kilichokuwa kimebana digrii ndani ya kitambaa chake chepesi. Kila mama wa pwani ya Lindi ameshawahi kumwambia mtoto wake asile mabibo na nguo nzuri, kwa sababu doa la bibo halitoki, si kwa sabuni, si kwa limau, si kwa jua. Mimi niliambiwa mara elfu. Ila sikuwa nimevaa nguo nzuri.

Nilipolipita banda la shangazi akaniona. "Wewe Zai! Unakimbilia wapi na kitambaa cha bibi yako?"

"Shikamoo shangazi, kompyuta ya shule imekufa, majina ya kina dada yamo ndani, Ba'mdogo imemshinda!"

"Marahaba. Imekufa inalia au imekufa kimya?"

"Inalia. Mara tatu."

"Kioo kinawaka?"

"Hakiwaki."

Aliweka chini pasi ya kuchomelea, akachukua bisibisi mbili na brashi ya kupakia rangi, akafunga banda. Kisha akanitazama mfuko. "Nipe hicho kifutio chako."

Nikakishika kwa nguvu. Nikamwambia sijakitumia hata mara moja. Nikamwambia ni cha shule.

"Na mimi nakipeleka shule," akasema. Akatoa wembe, akakikata katikati, nusu akanirudishia. Nilikuwa nataka kulia lakini alikwisha kutangulia, kanga mbili na ndara zake zinapiga kisigino, na shangazi akitembea hivyo hasimami mtu mbele yake.

Mlangoni nikampita, nikawa wa kwanza kuingia ofisini, kifua mbele. Nikafungua kitambaa mezani, karibu kabisa na kioo cha kompyuta, nikaitandaza digrii ielekee kule kwenye kioo, ionekane vizuri. "Hii hapa, Ba'mdogo," nikasema. "Uliisahau."

Wote walikuwa wanaangalia karatasi, na mimi nikaangalia. Kuanzia pembeni, kupita jina la chuo mpaka karibu na jina lake, kulikuwa na doa la rangi ya kahawia, bado linameremeta.

Ba'mdogo aliweka kidole juu ya doa. Hakunigombeza. Nilikuwa nangoja kofi na halikuja, na hilo lilinitisha zaidi.

Shangazi akawa ameshaingia, ameshaamkia, ameshaanza kuvua vitambaa. Mkuu wa shule, ambaye hakuwa mtu wa huku kwetu, akamzuia. "Samahani, mama. Huyu si ndiye fundi redio? Hiki ni chombo cha serikali. Kikiharibika nitajibu nini mimi?" Kisha akamgeukia Ba'mdogo. "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Unasemaje? Aifungue?"

Nimekaa kwenye vikao vingi tangu siku ile, na watu wenye elimu kubwa, na sijaona tena mtu akifanya alichokifanya Ba'mdogo. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Kijiji kilimchinjia mbuzi. Wanafunzi dirishani walikuwa wanasikia kila neno. Angeweza kusema hapana, na lawama zote zingeangukia Dar es Salaam. Alitoa kidole kwenye lile doa, akasimama, akampisha dada yake kiti.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijawahi kuifungua kompyuta hata moja. Chuoni tulikuwa wengi na mashine chache, na masanduku yake yalitiwa kufuli tusiyaguse. Vilivyomo ndani navijua kwa picha. Naweza kukuandikia kurasa kumi kuhusu memori. Lakini mikono yangu haijui hata inashikwa wapi. Dada yangu amefungua nyingi. Mwache afungue, nami nitasimama hapahapa."

Mkuu wa shule aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saba na nusu. "Fungueni," akasema.

Jenereta likazimwa. Shangazi alisema bismillahi akatoa skrubu moja moja, akaziweka mdomoni kama pini za kushonea. Sanduku lilipofunguka likatoka vumbi jekundu, nyuzi za kile kitambaa cha maua, na mayai mawili ya mjusi. Joto lote la mashine lilikuwa limefungiwa mle ndani, na hewa ya chumvi imeganda juu ya kila kitu. Alipiga brashi. Akachomoa vipande viwili vyembamba, vya kijani, virefu kama nusu rula, vyenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, lakini dhahabu ilikuwa imefifia na kuota ukungu. Hapo ndipo akatoa nusu ya kifutio changu, akaanza kuyasugua yale meno polepole, huku na huku, kama mama anayemsugua mtoto masikio. Harufu ya chungwa ikajaa ofisini. Meno yakaanza kung'aa. Ba'mdogo aliinama karibu mpaka kichwa chake kikagusana na cha dada yake.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema.

"Ni hivyo tu ukishajua," akajibu shangazi, skrubu zimo mdomoni.

Akavirudisha. Jenereta likawaka. Mashine ikalia mara tatu.

Shangazi alikaa nyuma kwenye kiti. Aliitoa skrubu ya mwisho mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona hana la kufanya. "Hapa ndipo huwa nashindwa," akasema kwa sauti ya chini. "Ikikataa mara ya pili, mimi huwa nawarudishia wenyewe."

Ilikuwa saa nane imekwisha kupita. Mwanahawa alikuwa ameacha dirisha, nilimsikia nje anasema dua.

"Dada, ngoja," akasema Ba'mdogo. Alifumba macho kama mwanafunzi anayetafuta ukurasa. "Viko viwili. Huenda kimoja kimekufa kabisa kinamzuia mwenzake. Mashine inaanza kutazama tundu la kwanza. La kwanza ni hili, lililo karibu na feni. Toa vyote. Tia kimoja tu, hapa."

"Nitie mimi au utie wewe?"

Akanyoosha mkono. "Nionyeshe namna ya kushika."

Shangazi akamwekea kipande mkononi, akamshika vidole kwa juu, akavisogeza pembeni pembeni visiguse yale meno. Akamsukumia mkono chini mpaka kikalia ka! Jenereta likawaka. Milio mitatu. Jenereta likazimwa, wakakitoa wakatia kile cha pili, safari hii Ba'mdogo peke yake, na ka! ikasikika tena. Jenereta likawaka, mashine ikalia mara moja, mlio mfupi, na kioo kikawaka buluu.

Kelele za dirishani sitazisimulia. Mkuu wa shule alitafuta orodha, picha zikaanza kupita, na nikamwona dada yangu mle ndani, amevaa ushungi mweupe, amekaza uso kana kwamba anaapa. Flashi ilitiwa, ikachomolewa, mkuu wa shule akaifunga kwenye leso akaiweka mfuko wa ndani, akatoka mbio na koti lake. Gari lilikuwa limeshawashwa. Shangazi alikunja kile kitambaa chenye maua akakiacha mezani. "Mwambieni mke wa mwalimu akitandike mezani," akasema. "Mashine inataka kupumua."

Bibi alipogundua, alinisema kwa Kimatumbi kuanzia alasiri mpaka magharibi, na Kimatumbi cha bibi kwenye hasira hakikuwa na mahali pa kupumzikia. Alijaribu limau, akajaribu majivu, doa likabaki. Ba'mdogo ndiye aliyenichukua barazani akaniuliza kwa nini niliitoa sandukuni. Nikamwambia ukweli. Nilidhani kompyuta haitii kwa sababu haijaiona.

Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha kicheko kikaisha, akabaki ananitazama.

"Zai," akasema, "hata mimi nilidhani hivyohivyo."

Sikumwelewa, nilifurahi tu kwamba sikuwa mjinga peke yangu.

Kesho yake hakukaa barazani. Alivaa fulana kuukuu akaenda kukaa bandani kwa shangazi, kwenye kigoda, na alikaa pale mpaka mvua za masika zikaisha. Alijifunza kushika pasi akaungua vidole. Naye alimchorea shangazi kwenye daftari la mistari umeme unapita wapi na kwa nini, na zile mashine zilizokuwa zikirudishwa kwa wenyewe zikaanza kupona. Walirushiana maneno kutwa. Nikitoka shule niliwakuta wanabishana mbele ya kompyuta iliyofunguliwa, mmoja anasema kitabu kinasema, mwingine anasema basi mwambie mwenye kitabu aje aitengeneze, na mimi nikakaa kati yao na nusu ya kifutio changu. Elimu yangu yote nilianza kuipata pale, wala simfichi mtu. Ba'mdogo alipoitwa kwenye usaili wa kazi Lindi, wakamwuliza doa lile ni la nini. Akawasimulia yote, mpaka ile sehemu ya kusema hajui. Wakamchukua.

Mwanahawa ni nesi. Yule kijana wa Sudi alioa kwingine, na mtoto wao wa kwanza alizaliwa mikononi mwa Mwanahawa.

Mimi nina digrii, tena nimeisoma kwa bidii na siionei haya. Nafanya kazi ya kompyuta hapa Lindi, na kila baada ya siku chache anakuja kijana kuniuliza, dada, niende chuo au nijifunze mtaani, maana huku wanasema chuo kinapoteza muda na kule wanasema bila cheti hutazamwi. Wanataka niwachagulie upande, kama vile ni mpira. Nawaambia waende chuo wakipata nafasi, na wakifika huko watafute sanduku lisilo na kufuli walifungue. Asiyepata nafasi namwonyesha pa kukaa, nampa bisibisi na daftari. Ninayemkataa ni mmoja tu, yule anayeona haya kumpisha mwingine kiti.

Mkebe ule wa bandani nilikuwa sijaumaliza. Nilipopangusa macho nikaona chini yake kuna karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa fotokopi ya digrii ya Ba'mdogo, ya zamani, na doa la bibo limetoka jeusi kama wingu. Chini ya jina lake lililochapwa, kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wake, aliandika: *na Somoe Selemani, dada yake.* Palepale nikampigia Ba'mdogo simu.

"Nilimpa siku nilipopata kazi," akasema. "Nikamwambia aitundike bandani watu waione. Akakataa. Akasema redio hazisomi."

Nimeitia fremu. Iko ofisini kwangu, ukutani, juu ya digrii yangu mwenyewe. Anayeuliza lile doa ni la nini namwambia ni la bibo, nililitia mimi. Anayeuliza Somoe ni nani, namwambia avute kiti.